Mama wa Usafi Alipoingia Nyumbani Kwetu

Kwa miaka mingi nyumba yetu ya Tabata Segerea iliendeshwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mama mkwe wangu. Mimi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Natoka alfajiri, narudi jua limeshazama. Mume wangu anaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingi analala njiani. Watoto wetu wawili wako shule ya msingi. Nikirudi nakuta sakafu imepigwa deki, nguo zimekunjwa, maji ya kunywa yamechemshwa yakapoa, na sufuria hazina doa la masizi. Nilishukuru kila jioni, kwa moyo wote. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kutaja kazi zote alizozifanya yule mama tangu adhana ya alfajiri hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Mapema 2023 magoti yake yakagoma. Daktari alimkataza kuchuchumaa, kubeba ndoo na kupiga deki. Alirudi na bahasha ya picha za mifupa, akaketi barazani, akaniambia, "Mwanangu, fagio nimelisalimisha. Tafuteni mtu."

Kwetu hapakuwahi kuajiriwa mtu, kwa hiyo tukasubiri mume wangu arudi safari, tukakaa kikao mkekani. Swali la kwanza lilikuwa tutafute mtu wa kuishi nasi au wa kuja na kuondoka. Jibu la karibu lilikuwa tayari mlangoni: shangazi wa mume wangu alikuwa ameshapiga simu kutoka Singida, akisema kuna binti amemaliza darasa la saba, mtulivu, hana makuu, nauli tu anangoja.

Mama mkwe akakataa. Kisha akatueleza jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Naye aliletwa mjini akiwa msichana mdogo, kabla ya Azimio la Arusha, kulea mtoto katika nyumba moja ya Upanga. Siku zile kazi za ndani hapa Dar bado zilishikwa zaidi na wanaume, kama ilivyokuwa tangu enzi za mkoloni. Mpishi wa nyumba ile alikuwa mwanamume mtu mzima, mwenye sare nyeupe na mshahara wake mkononi. Mama mkwe alilala jikoni, mkeka ukitandikwa chini ya meza baada ya vyombo kuoshwa, na ujira wake aliuchukua yule aliyemleta. "Sitaki mtoto wa mwenzangu alale jikoni kwangu," alisema. "Leteni mtu mzima, mwenye kwake, anayejua kudai haki yake."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ili kumweleza mtu mzima anachokuja kufanya, ilibidi kwanza sisi wenyewe tukijue. Mwanangu mkubwa akachukua daftari na kalamu, bibi yake akataja, naye akaandika. Nilidhani orodha itajaa nusu ukurasa. Kufagia uwanja kwa fagio la chelewa kabla jua halijachoma. Kupiga deki vyumba vyote, kuanzia cha ndani kabisa kuja mlangoni. Kufuta nyavu za madirisha, maana vumbi likiziba nyavu hewa haipiti. Kutoa tandabui kwenye pembe za dari. Kusugua sufuria kwa majivu. Kuosha choo na bafu. Kuanika magodoro na mito. Kuloweka sare za shule, nyeupe mbali na za rangi. Kumwaga maji yanayotuama kwenye visahani vya maua, yasizae mbu. Kuchemsha maji, kuyapoza, kuyachuja, kuyafunika. Kujaza mapipa siku maji yanapotoka, na siku hizo mara nyingi ni usiku wa manane.

Mtoto akafungua ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Mume wangu aliyekuwa akisikiliza huku simu iko mkononi akaiweka chini. Bibi alipotaja kuamka usiku kukinga maji, mwanawe akamuuliza, "Mama, hiyo kazi ilikuwa inafanywa na nani nilipokuwa safarini?" Akamjibu, "Na huyo huyo aliyekuwa akiifanya ulipokuwepo."

Mtu tulimpata kupitia kwa jirani yangu wa kikoba. Ni mama wa Gongo la Mboto, umri wake hamsini na ushei, aliyefanya usafi katika ofisi za mjini kwa miaka mingi hadi alipopunguzwa kazini. Alikuja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake, akaketi, akasoma ile orodha yote kimya. Kisha akatoa hesabu yake: siku mbili kwa wiki, shilingi 10,000 kwa siku, nauli ya kwenda na kurudi juu yetu.

Nilikuwa nimeshapitia viwango vya serikali, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi katika kaya ya kawaida, na 120,000 kwa asiyeishi kwa mwajiri. Amri ya 2013 iliyotangulia ilikuwa na 40,000 na 80,000. Ukiigawa ile 120,000 kwa siku 26 za kazi, hufiki 5,000 kwa siku. Nikamtazama mama yule, nikatazama kurasa tatu za daftari, na ile 10,000 nikaiona ya haki kabisa. Tukakubaliana aanze Jumamosi.

Jumamosi alifika kabla ya saa moja. Alimwamkia mama mkwe, akaitikiwa. Mimi nami nikamwamkia, "Shikamoo mama." Alisita, akatazama chini, akaitika kwa sauti isiyosikika. Katika zile ofisi alizozoea, yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kuamkia, hata vijana wa umri wa wanawe. Mama mkwe akamwambia, "Itika kwa sauti, mdogo wangu. Humu ndani umri unaheshimiwa kabla ya mshahara." Wakanywa chai pamoja mkekani, na maandazi, kabla hata fagio halijaguswa.

Kisa cha kwanza kilitokana na maji. Bomba lilikuwa kavu tangu katikati ya wiki. Nyumba ikiwa hivyo, kila chombo cha maji kina kazi yake: pipa la bluu uani ni la kufua na kudeki, pipa dogo ni la chooni, na ndoo mbili nyeupe zenye vifuniko, pale upenuni mwa jikoni, ni maji yaliyokwisha kuchemshwa. Orodha yetu ilitaja kuchemsha maji. Haikutaja yanakaa wapi. Mama wa usafi akachukua ndoo iliyo karibu na korido, akatia sabuni ya unga, akapiga deki sebule nzima na vyumba viwili, na kazi ilikuwa safi kwelikweli. Mtoto mdogo ndiye aliyegundua. Alikwenda na kikombe, akafunua, akarudi akiuliza, "Bibi, leo tunakunywa maji yenye povu?"

Mtungi wa gesi ulikuwa mwishoni, na lita 20 hazichemki kwa dakika chache. Mama wa usafi alishika kichwa, akaanza kuomba radhi mfululizo. Mama mkwe akamnyamazisha kwa upole. "Ndoo haina mdomo, mdogo wangu. Ungejuaje?" Akasimama kwa kushika ukuta, akamtembeza nyumba nzima, chombo baada ya chombo, akimweleza kipi cha nini. Nilisimama nyuma yao nikisikiliza. Nimeishi nyumba ile tangu niolewe, na nusu ya yale nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Matembezi yale yaliishia mlango wa choo, kwa sababu magoti ya mama mkwe hayakuweza tena. Akarudi kuketi. Na chooni ndiko kulikokuwa na hatari yenyewe.

Mitaani kwetu dawa za usafi hupita mlangoni kwa mikokoteni na mabegani mwa vijana. Sabuni ya maji, jiki, dawa ya kung'arishia choo, vyote vinauzwa katika chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika. Ni rahisi kwa mfuko, na kijana anayeuza anajua kipi ni kipi. Chupa yenyewe haisemi kitu: haina jina, haina onyo, haina alama ya fuvu wala ya moto. Mama mkwe alizitambua kwa harufu na kwa mahali zilipokaa rafuni, jiki kulia, tindikali ya choo kushoto. Aliyeingia leo aliona chupa mbili za nusu lita zinazofanana, na ndani yake maji yenye umanjano hafifu.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, chumba chake chembamba, na dirisha lake dogo liko juu karibu na dari. Alimimina chupa moja, akasugua. Madoa ya chumvi ya maji ya kisima yakabaki pale pale. Akamimina na ya pili, akachuchumaa asugue tena.

Nilikuwa uani naanua nguo. Nilisikia kikohozi kimoja, kisha vingi visivyopumzika, kisha ndoo ikaanguka. Mama mkwe alikuwa karibu kuliko mimi. Yule mwanamke aliyekatazwa kubeba kitu alichovya kanga yake ndani ya pipa, akajifunika pua na mdomo, akausukuma mlango kwa fimbo, akamshika mwenzake mkono na kumvuta hadi koridoni. Nilipofika harufu ilinipiga kooni, kali, inayochoma macho. Tukamtoa mpaka chini ya mwembe, tukafungua milango na madirisha yote, tukamwosha macho kwa maji mengi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka na alishindwa kumaliza sentensi. Mwanangu mkubwa akakimbia barabarani kuita bajaji.

Zahanati walimpa hewa ya oksijeni kwa muda, wakasikiliza kifua chake mara kwa mara, wakamweka chini ya uangalizi hadi jioni. Daktari aliyempokea alitaka kujua tu kilichokuwa ndani ya chupa, na nilipomweleza akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kulisikia hilo. Jiki ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kiasi kinachotoka chooni ni kidogo mno ukilinganisha, lakini chumba nacho ni kidogo, na klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini. Anayesimama mlangoni anaisikia harufu tu. Aliyechuchumaa anasugua sakafu anaivuta kifuani moja kwa moja. Ukichanganya jiki na dawa yenye amonia napo hutoka gesi nyingine, kloramini, nayo inaumiza mapafu. Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi nizijuazo zina zile chupa mbili kwenye rafu moja, na mwenye kuzitumia mara nyingi ni mtu ambaye hakuzinunua.

Gharama za zahanati tulilipa sisi, na ujira wa siku nzima tukampa mkononi. Usiku mume wangu alipiga simu kutoka Mbeya, na baada ya kusikia habari akauliza kama yule mama atarudi. Sikuwa na jibu.

Jumapili mimi na mama mkwe tukapanda daladala hadi Gongo la Mboto kumpa pole. Tulimkuta amekaa mlangoni kwake, sauti imekauka lakini anapumua vizuri. Wanawe wakubwa wawili walikuwa pale, na hawakutaka kutuona. Mmoja alisema wazi kwamba mama yao amefanya usafi mjini maisha yake yote na hakuwahi kubebwa kwenye bajaji. Maneno yake yalikuwa ya kweli na tukayapokea. Mama mkwe hakujitetea. Aliketi kwenye kigoda, akawaeleza habari ya Upanga, mkeka na meza, mbele ya watoto wa mwenzake. Alipomaliza, mama wa usafi akawaambia wanawe watuletee chai.

Kisha akatoa masharti yake, na alikuwa ameyafikiria. Hatatumia dawa yoyote isiyo na jina. Ofisini kila chupa ilikuwa na karatasi yake, na hivyo ndivyo anavyotaka kazini kwetu. Dirisha la choo lipanuliwe, au lichomolewe vioo. Anunuliwe glavu za mpira na buti. Matambara yawe ya rangi tofauti, la chooni lisikanyage jikoni. Utaratibu wa kazi apange yeye: juu kwanza, chini baadaye, kavu kabla ya maji, choo mwisho wa yote. "Orodha yenu ni nzuri," alisema, "lakini imeandikwa na mtu anayeijua nyumba. Mimi najua usafi. Tuziweke pamoja."

Mama mkwe akageuka akanitazama. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na macho yake yalikuwa yameanza kuloa.

Wiki iliyofuata tuliandika makubaliano upya, safari hii tukiwa watatu mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku, anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya saa moja, na mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa. Geneva, Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani, unaotaka mfanyakazi aelezwe masharti ya kazi yake kwa namna anayoielewa. Na hapa nchini kipo chama cha CHODAWU kinachounganisha wafanyakazi wa mahotelini na wa majumbani. Nilimsomea yote hayo. Alichosisitiza zaidi ni ile saa moja ya mapumziko. Ofisini, alisema, alikuwa akila amesimama nyuma ya mlango wa stoo.

Kijana wa chupa bado anapita, na bado tunanunua kwake, lakini watoto wamepewa kazi ya kuandika jina kwa wino mzito na kulibandika kwa gundi kabla chupa haijavuka mlango. Jiki inakaa sehemu ya kufulia uani. Tindikali tumeiacha kabisa. Madoa ya chumvi mama wa usafi anayatoa kwa siki na brashi ngumu, kwa subira, dirisha likiwa wazi, na jiki huko chooni haikanyagi.

Nisifiche kwamba wale akina mama wawili hawajakubaliana kwa kila jambo. Mama mkwe anaamini uwanja usipofagiliwa alfajiri siku imeharibika. Mwenzake anasema kufagia udongo mkavu ni kuhamisha vumbi kwenda madirishani, anyunyize maji kwanza. Mwingine anasugua sufuria kwa majivu, mwingine kwa limau na chumvi. Wanabishana kuanzia chai ya asubuhi hadi mapumziko, na nyumba inang'aa kwa ubishi huo. Watoto wanamwita mama wa usafi Mama Mkubwa. Wamejifunza kwake kutokanyaga sakafu mbichi, jambo ambalo bibi yao alilisema miaka yote bila kusikilizwa.

Mume wangu aliporudi kutoka Tunduma alikuta daftari mezani. Alilisoma lote, kurasa tatu za bibi na masharti ya Gongo la Mboto. Akachukua kalamu, akaanza kuweka bei mbele ya kila kazi kwa viwango tulivyokubaliana na mama wa usafi. Siku mbili kwa wiki zilikuwa na gharama yake, nasi tunailipa kwa furaha. Siku tano zilizobaki, miaka yote aliyokaa nasi, zilifika jumla ambayo lori lake lisingeilipa kwa safari nyingi. Hakusema mengi. Akaugawa upya ukurasa wa kwanza: kukinga maji usiku ni yake akiwa nyumbani na ni yangu akiwa safarini, vyombo vya jioni ni vya mtoto mkubwa, viatu na mabegi ni vya mdogo. Na tangu mwezi ule mama mkwe anapokea fungu lake kila tunapolipa mshahara wa mama wa usafi, siku hiyo hiyo, mezani hapo hapo. Mwanzoni alikataa, akasema mama halipwi na mwanawe. Mama wa Gongo la Mboto ndiye aliyemwambia, "Dada, pokea. Ukikataa wewe, na mimi nitaonekana naomba."

Akapokea. Anaweka hisa kikoba.

Kwa yeyote anayefikiria kumwita mtu wa usafi kwa mara ya kwanza, nasema haya kwa uzito wote nilio nao. Kabla hajafika, kaeni familia nzima mwandike kazi zote za nyumba, na kalamu ashike asiyezifanya. Andikeni jina juu ya kila chupa. Mwonyesheni maji yapi ni ya kunywa. Mwamkieni kwa umri wake, mlipeni siku mliyoahidi, mpeni saa yake ya kukaa na kula. Kisha msikilizeni, maana anaingia na ujuzi wake, na nyumba nyingi hazijawahi kuuomba.